Dawa za kusimamisha moyo thieta: nimezitumia zote tatu, hizi hapa nyota zangu

Wengine hapa mnaandika rivyu za simu, blenda na nyama choma, mimi leo naandika rivyu ya maji. Ni maji ya chumvi yametiwa dawa kidogo, yanakaa kwa friji, na kazi yake ni kusimamisha moyo wa mtu akiwa mzima halafu muweze kuurudisha. Jina la kazini ni kadioplejia. Mimi si daktari wa kupasua, mimi ni yule wa pampu, anayekaa nyuma ya mashine ya moyo na mapafu hapa Nairobi, na daktari akisema "peleka", mkono unaofungua hiyo laini ni wangu. Kwa hivyo hizi dawa nimezizoea, najua ni gani inanipa usingizi na ni gani inanitoa jasho.

Kwanza kwa wale mtauliza kwani lazima moyo usimame. Si lazima kila mara, kuna operesheni za mishipa ya juu ya moyo zinafanywa ukiwa unadunda. Lakini ukitaka kubadilisha valvu, ama kuziba shimo ndani ya moyo wa mtoto, huwezi kushona kitu kinachoruka na kimejaa damu. Daktari anabana aota, ule mshipa mkubwa unaotoa damu kwa moyo, kwa klampu, mwili mzima unaendelea kupata damu kutoka kwa mashine yangu, lakini moyo wenyewe umekatiwa, mishipa inayoulisha inaanzia hapo tu chini ya hiyo klampu. Ukiuacha uendelee kudunda bila damu utamaliza nguvu zake zote, kalisiamu inajaa kwenye seli, misuli inakaza na haiachilii tena. Kina Denton Cooley kule Houston waliandika juu ya hiyo hali mwaka 1972 wakaiita moyo wa jiwe, na kusema kweli hakuna jina lingefaa zaidi, ukifika hapo hakuna dawa ya kuulegeza.

Sasa angalia hesabu ndio uelewe kwa nini tunahangaika na haya maji. Moyo unaofanya kazi unakula oksijeni kama mililita 8 hadi 10 kwa kila gramu 100 za misuli kila dakika. Ukiusimamisha tu, bila hata kuupoza, inashuka hadi kama 1. Ukiupoza mpaka digrii 22 hivi inabaki kama 0.3. Kumbe kusimama ndiko kunaokoa kwingi, baridi inaongezea juu. Watu wengi hudhani ni barafu inafanya kazi yote, zii, barafu ni msaidizi, na ile ya kumwaga moja kwa moja juu ya moyo mimi siipendi kabisa, inaweza kuchoma ule neva unaoendesha kiwambo cha kupumulia na mgonjwa akapata shida kutoka kwa mashine ya hewa huko ICU.

Kinachosimamisha kwa dawa nyingi ni potasiamu. Kwa damu yako saa hii iko kati ya 3.5 na 5, milimoli kwa lita. Ukiipandisha kwenye mishipa ya moyo hadi 16 au 20, umeme wa seli unapanda nusu na kukwama hapo, milango ya sodiamu inajifunga na haiwezi kufunguka upya, hakuna mpigo unaopita, misuli inatulia ikiwa imelegea. Kulegea ndio muhimu, si kusimama tu. Ndiyo potasiamu kloridi ile ile wanaitumia Marekani kwa sindano ya wafungwa waliohukumiwa kifo, tofauti ni kwamba sisi tunaipeleka kwa moyo peke yake, kwa kipimo, mwili ukiwa kwenye pampu. Na kipimo si mchezo. Denis Melrose alijaribu London mwaka 1955 na potasiamu sitreti kali sana, mioyo ikasimama sawa lakini misuli ikaharibika, watu wakaogopa wakaiweka kando karibu miaka 20, mpaka miaka ya 70 wakairudia ikiwa imepunguzwa. Hizi za potasiamu tunazotumia leo zimetoka kwa hiyo awamu ya pili.

Haya, tuingie sokoni.

St Thomas namba mbili. Nyota 3 na nusu.

Hii ni ya hospitali ya St Thomas' ya London, kazi ya David Hearse na Mark Braimbridge. Ndani kuna potasiamu 16, magnesiamu 16, kalisiamu 1.2, baikaboneti kidogo na sodiamu ya kawaida kawaida. Haina mambo mengi. Bei yake haikuumizi, kila mtu thieta ameshaishika, mtu mpya akija haimchanganyi, na moyo unasimama haraka vile ulivyotarajia. Kama ungeniuliza ni gani inasamehe timu ambayo bado inajifunza ningesema hii.

Shida yake ni saa. Kila dakika 20 hadi 30 inataka kurudiwa kwa sababu inaoshwa, damu ya pembeni inapenya kidogo kidogo inaleta joto na kuitoa, moyo unaanza kuamka. Kwa karatasi inaonekana ni kitu kidogo. Hebu njoo uone sasa kwa valvu ya maitro, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, na hizo kwetu ni nyingi, vijana wadogo kabisa ambao homa ya baridi yabisi ya utotoni iliwala valvu, kidonda cha koo ambacho hakikupata penisilini mapema. Daktari amefungua chumba cha kushoto, amevuta kwa ile vyuma ya kushikilia, ameanza kushona, nyuzi zimepangwa kuzunguka duara lote, mimi napaza sauti, "dakika ishirini". Hawezi kuniambia tu peleka. Akiwa amevuta hivyo valvu ya aota inapinda na kuvuja, dawa yangu ingeingia ndani ya vyumba badala ya kwenda kwa mishipa, kwa hivyo lazima alegeze chuma, nyuzi zisichanganyikane, tutoe hewa kwenye mzizi wa aota, nipeleke, niangalie presha ya laini, nimwambie imeisha, aanze kuvuta upya kutafuta alipokuwa. Hayo yote rudia mara tatu au nne. Na kila dozi ni maji yanayoingia kwenye damu ya mgonjwa, damu inakuwa nyepesi, mimi nabaki nachuja maji kwa filta huku nikiangalia potasiamu ya mwili isipande.

Kwangu mimi hapo ndio kesi nzima ilipo. Makosa mengi ya thieta hayatokei wakati kazi inaendelea vizuri, yanatokea wakati mtu amesimamishwa katikati akaanza tena. Hewa inaingia hapo. Uzi unasahaulika hapo. Kwa hivyo nikipima dawa, swali langu la kwanza ni moja, itanikatiza mara ngapi.

Kabla sijaenda mbele, kuna ile ya kuchanganya na damu, mtindo wa Gerald Buckberg wa chuo kikuu cha UCLA kule Marekani, sehemu nne damu na moja dawa. Nzuri sana kwa moyo uliochoka tayari, damu inakuja na oksijeni yake na uwezo wake wa kutuliza asidi. Lakini nayo ni kila dakika 20, na laini zake ni nyingi. Sitaipa nyota, mimi huihesabu kama njia ya kupeleka kuliko dawa ya kununua.

Del Nido. Nyota 4 na nusu.

Hii ndiyo kipenzi changu na sitajificha. Ilitoka kwa Pedro del Nido na wenzake Chuo Kikuu cha Pittsburgh mwanzoni mwa miaka ya 90, walikuwa wanatafuta kitu cha mioyo ya watoto, ambayo haivumilii kalisiamu ikiingia kwa seli. Msingi wake ni Plasma-Lyte A, maji ya dripu ambayo hayana kalisiamu, halafu unaongeza potasiamu kloridi, magnesiamu salfeti, baikaboneti, manitoli na lidokeini. Ndio, lidokeini, ile ya kutia ganzi kwa daktari wa meno. Hapa inashikilia milango ya sodiamu ikiwa imefungwa, magnesiamu inazuia kalisiamu, manitoli inapunguza uvimbe na kufagia sumu za oksijeni damu ikirudi. Unachanganya sehemu moja ya damu ya mgonjwa na sehemu nne za hayo maji, kwa hivyo kwenye laini unaona rangi kama juisi ya matunda damu ambayo mama wa kibanda ameongeza maji ili itoshe wateja.

Dozi ni mililita 20 kwa kilo, na mtu mzima wa kilo 50 kwenda juu huwa anapata lita moja basi. Mtoto wa kilo 12 anapata mililita 240. Klampu ikishuka naanza kupeleka baridi, digrii 4 hivi, macho yangu yanaenda laini ya presha, monita, laini, monita. Mawimbi ya moyo yanapanuka kwanza, yanakuwa mapana na ya uvivu, pengine yanatetemeka sekunde chache, halafu mstari unanyooka. Ukichungulia juu ya kitambaa unaona moyo wenyewe umelala, umepauka, hauna ubishi. Hiyo sekunde bado huwa inanishika, na huwa natazama tena namba zangu za pampu kuhakikisha mwili unapata damu yake.

Halafu, utamu wake, nakaa. Dozi moja inakupa saa moja hadi saa moja na nusu. Shimo la mtoto linazibwa, linamalizika, na sijamsumbua daktari hata mara moja. Kwa sisi ambao thieta haina watu wa ziada, ambapo sista mmoja ndio anahesabu pamba, anatafuta uzi na kujibu simu ya ICU, huo utulivu una thamani kuliko maelezo yoyote ya kampuni. Na klampu ikitoka, mioyo mingi inarudi kwa mpigo wake yenyewe, tafiti kadhaa za watu wazima zimeona hivyo pia, kwamba inayohitaji kushtuliwa kwa umeme ni michache ukilinganisha na dawa za zamani.

Sasa kwa nini si nyota tano? Sababu ni mbili.

Ya kwanza, sisi hatuinunui ikiwa tayari, inachanganywa famasia. Mtu anapima kila kitu kwa sirinji, na potasiamu ikizidi au magnesiamu ikisahaulika huwezi kujua kwa kuangalia, yote ni maji meupe. Kuna mahali nilifanya kazi zamani, sitapataja, mifuko ilikuwa inakuja thieta imeandikwa kwa kalamu ambayo ukishika na glovu yenye maji wino unafutika, hakuna jina la aliyechanganya, hakuna saa. Nilikuwa naikataa inarudi, naonekana mtu wa maringo. Siku hizi naomba lebo iliyochapishwa na sahihi mbili, bila hiyo siitundiki. Na Plasma-Lyte ikikosekana stoo, ambayo hutokea, kuna mtu lazima aseme tutumie Ringa Lakteti, dripu nyingine ya kawaida. Kuna hospitali za nchi zingine wanafanya hivyo na wana matokeo yao mazuri, mimi siwapingi, lakini Ringa ina kalisiamu, kwa hivyo hiyo si del Nido ile ile tena, na hiyo mabadiliko ijadiliwe siku kabla, si mgonjwa akiwa mezani.

Ya pili ni ya watu, si ya dawa. Ikishakaa dakika 40 bila mtu kukusumbua, thieta nzima inasahau saa. Daktari amepata tatizo, valvu haikai vizuri, anatoa anaanza upya, na ni wewe tu wa pampu unajua kwamba dakika ya 75 imepita. Sema. Hata kama hajauliza. Mimi baada ya saa moja hutangaza kila dakika kumi kwa sauti ya konda wa matatu na sijali nani amekasirika.

HTK, yaani Custodiol. Nyota 4 kwa kazi, nyota 2 na nusu kwa mfuko wa pesa.

Hii ni ya Kijerumani, ya Hans-Jürgen Bretschneider wa Göttingen, na imefikiria tofauti kabisa. Badala ya kumwaga potasiamu, inanyima moyo sodiamu. Sodiamu ndani ni 15 tu, wakati kwa damu yako ni kama 140, potasiamu ni 9 au 10 hivi. Seli ikikosa sodiamu ya kuingia haina cha kuanzisha mpigo, inatulia. Halafu kuna histidini nyingi sana ya kuzuia asidi isijae, triptofani ya kulinda ukuta wa seli, na ketoglutareti, ndio hizo herufi tatu. Dozi moja, watu wanafanya kazi saa mbili na zaidi. Ndiyo pia wanasafirishia figo na ini za kupandikiza, kwa hivyo kukaa muda mrefu kwa baridi ndio fani yake.

Kwa kazi ndefu, mzizi wa aota unabadilishwa wote, au mtoto ambaye mishipa yake inapangwa upya, hakuna kitu nitaomba zaidi ya hii. Lakini inataka uvumilivu. Unaipeleka polepole, dakika 6 hadi 8, kwa presha ya chini, na daktari amesimama na mikono hewani anakuangalia utadhani umemkopa pesa. Ukikimbiza umeharibu maana yake.

Halafu sodiamu. Lita moja au mbili za maji ya sodiamu 15 yakiingia kwenye damu ya mtu, sodiamu yake inashuka, na ukituma kipimo namba inayorudi inatisha. Mara ya kwanza daktari wa usingizi akiiona anataka kuirekebisha hapo hapo na chumvi kali. Pole pole. Jumla ya vitu vilivyoyeyuka kwenye hayo maji iko karibu na ya damu kwa sababu ya histidini, ubongo hauvimbi kama ile sodiamu ya chini ya kawaida, ukiisukuma juu kwa haraka wewe ndio unaleta hatari. Njia nzuri ni kuzuia, dawa ikitokea upande wa pili wa moyo tunaifyonza na kuimwaga kando isirudi kwa pampu, nayo inawezekana kama daktari ameweka mirija miwili kwenye zile vena kubwa. Pia presha ya mgonjwa huwa inalegea kidogo baadaye, uwe na dawa ya kuipandisha karibu.

Bei imechangamka, na hiyo ni kwa upole. Na inataka joto la kuihifadhi lichungwe njia yote. Muuzaji mmoja alituletea boksi ambalo lilikuwa limelala mizigo ya uwanja wa ndege wikendi nzima, halafu likakaa kwa foleni ya Mombasa Road mchana wa jua, akafika anasema "bado iko sawa boss, gusa". Eti gusa. Nikauliza karatasi ya joto hana. Tulirudisha lote, operesheni ikasogezwa, familia ilikuwa imetoka Kisii na mgonjwa ashafunga kula.

Jambo moja linalohusu zote tatu, wazazi huko nje msichukulie kwamba dawa nzuri inatosha. Kama valvu ya aota inavuja, ukipeleka dawa kupitia aota inaanguka ndani ya moyo na kuupanua badala ya kuulisha, inabidi daktari aifungue aota aweke dawa moja kwa moja kwenye midomo ya mishipa inayoulisha moyo, ama tuipeleke kinyumenyume kupitia vena ya moyo, presha tukiiweka chini ya 40 ili isipasuke. Timu iliyozoea hufanya hivyo bila kelele. Kwa hivyo mkikaa na daktari kabla ya operesheni, badala ya kuuliza dawa ya nchi gani, ulizeni wanafanya operesheni ngapi za aina hiyo kwa mwaka, na nani atakuwa kwenye pampu. Mtu wa SHA, ile mamlaka ya bima ya afya, atawaambia mambo ya malipo, hayo hatawaambia.

Na lile swali la benchi ya nje, "na moyo ukikataa kuamka?" Kwa kawaida klampu ikitoka damu yenye joto inaosha dawa yote, ndani ya dakika chache unaona mtetemo, halafu mpigo mmoja wa kusitasita, halafu mingine. Ukibaki unatetemeka tunaushtua kwa vijiko viwili vidogo vinavyogusa moyo wenyewe, umeme wa jouli 10 au 20, si ule wa kwenye muvi. Ukiwa wa polepole kuna nyaya nyembamba za kuuongoza kwa siku chache, ndio zile mnaona zimetokeza kifuani ICU mnaogopa. Ukiwa mchovu, unabaki umepumzika kwa pampu kidogo na adrenalini ya kiasi. Zile potasiamu za ziada, figo zinakojoa.

Kama mtu wa manunuzi anasoma hapa, agizo langu ni hili. Plasma-Lyte ya kutosha del Nido ya miezi mitatu mbele isiishe stoo, lebo za kuchapisha, St Thomas ya akiba, HTK chache tu za zile operesheni ndefu. Na friji ya dawa ipate thamomita mpya, hiyo iliyoko inasoma 4 hata mlango ukiwa wazi.